Mshipi wa Kandara: Tulivyojifunza Kurusha Pasipo Mto



Wengi wenu mnaifahamu Kandara moja tu. Aliyepita Jidda anajua kuwa Kandara ni ule mtaa wa zamani ulio jirani na ulipokuwa uwanja wa ndege, kabla ya ule wa Mfalme Abdulaziz kufunguliwa mwaka 1981. Ni mtaa wa vyumba vya bei nafuu, wa maduka ya kusafirisha mizigo, wa harufu ya mikate ya tamisi alfajiri. Mwishoni mwa miaka ya 2000, chini ya daraja la Kandara walilala watu wa mataifa mbalimbali waliokwisha muda wa ukaazi, wakingoja wakamatwe ili wapate kurudishwa makwao. Hiyo ndiyo Kandara ya Jidda. Lakini ukimtajia jina hilo mtu wa Murang'a, yeye ataiona migongo ya udongo mwekundu, mashamba ya chai na kahawa, na mito baridi inayoteremka kutoka safu ya Nyandarua.

Makala haya yanahusu Kandara zote mbili, na mzee mmoja aliyezaliwa katika ile ya kwetu akazeekea katika hii ya ugenini. Tutamwita Mzee tu, kama tulivyokuwa tukimwita. Alikuja Jidda mwaka 1977 kuendesha gari la mizigo, naye alikuwa na begi la nguo na ufito wa kuvulia uliovunjika vipande viwili kwa makusudi, maana ndivyo unavyotengenezwa: unaungwa ukifika mtoni. Tatizo ni kwamba hakukuwa na mto wa kufika. Saudia haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Maji pekee ya kutiririka ambayo sisi tuliyaona Jidda ni yale mafuriko ya tarehe 25 Novemba 2009, yaliyoua watu zaidi ya mia moja, na hayo hakuna anayependa kuyakumbuka.

Basi mara ya kwanza tulipomwona Mzee amesimama kwenye kiwanja kitupu nyuma ya gereji, usiku wa kuamkia Ijumaa, anarusha mshipi mbele na nyuma juu ya vumbi, tulidhani joto limempanda kichwani. Mshipi ulikuwa wa rangi ya malai, mnene kuliko kamba ya kiatu. Ulipaa nyuma yake ukanyooka, kisha ukarudi mbele ukanyooka tena, ukatua chini kama mtu anayetandika shuka. Mwishoni hapakuwa na ndoana. Palikuwa na kishada kidogo cha sufi nyekundu alichokiomba kwa fundi cherehani Myemeni.

Tulipomuuliza anavua nini, alijibu: "Sivui. Ninajizuia kusahau."

Miongoni mwetu alikuwepo kijana wa Mombasa, wa Kibokoni, aliyekuwa akivua changu na tewa tangu utotoni. Alicheka, akauomba ule ufito. Kwa mvuvi wa bahari, jambo hili lilionekana la kitoto. Unazungusha mshipi wenye chubwi, unauachia, nalo risasi linauvuta mshipi hadi linapotaka. Akarusha. Mshipi ukamwangukia kichwani na mabegani kama tambi. Akarusha tena kwa nguvu zote, na safari hii nyuma ya sikio lake ukasikika mlio, pa! Kishada cha sufi kilikatika, hatukukiona tena.

"Huo ni mjeledi," Mzee akasema. "Mimi nimekupa mshipi."

Maneno hayo yalikuwa na historia ndefu ambayo wakati ule hatukuijua. Tutairudia. Kwanza tueleze tofauti yenyewe, kwani bila ya kuielewa hutaona kwa nini watu wazima walitumia miaka kujifunza kutupa uzi. Katika uvuvi wa chubwi, kizito ni kile kilicho mwishoni. Katika uvuvi huu wa mtoni chambo ni nzi wa bandia, manyoya machache na uzi juu ya ndoana ndogo, mwepesi kiasi kwamba ukimtupa kwa mkono upepo unakurudishia usoni. Kwa hiyo uzito umetiwa kwenye mshipi wenyewe. Mshipi ndio unaorushwa, nzi anabebwa tu kama abiria. Na mshipi hauwezi kurushwa mbele mpaka kwanza umerushwa nyuma ukanyooka wote, ukauvuta ufito na kuupinda. Ule ufito uliopindwa ndio unaoutupa mshipi. Mkono unafanya kazi ndogo, ya kuanza polepole, kuongeza kasi, na kusimama ghafla. Anayeongeza nguvu pale panapotakiwa kusimama anaharibu. Anayeanza kwenda mbele kabla mshipi haujamaliza kunyooka nyuma anapata ule mlio wa mjeledi, na nzi wake anabaki vichakani.

Sasa turudi kwenye historia.

Samaki anayetafutwa kwa namna hii katika mito yetu ni trauti, naye si mwenyeji. Mito ya juu ya Nyandarua na Mlima Kenya ni baridi mno kwa samaki wa bondeni. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskochi, na samaki wakatiwa katika mto Gura, upande wa Nyeri. Mwaka 1910 wakaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Kutoka hapo wakasambazwa mto kwa mto: Thika, Chania, Kimakia, Mathioya, Sagana. Hata Tanganyika, mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu upande wa Mbeya ilipata sehemu yake. Mwaka 1948 kikajengwa kituo cha kuzalisha vifaranga wa trauti karibu na Kiganjo, kwenye mto Sagana, na kituo hicho kikaendelea na kazi baada ya uhuru.

Grogan huyo ni yule yule aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo. Pia ndiye aliyewacharaza viboko hadharani wavuta rikisho watatu Wakikuyu mbele ya mahakama ya Nairobi, mwezi Machi 1907, kwa madai kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Mzee alijua habari hiyo kwa babake, wala si kwa kitabu. Hakuwa akiisimulia kwa hasira. Alikuwa akisema tu kwamba mtu yule alileta vitu viwili nchini, samaki na mjeledi, na kwamba mkono unaojua kimoja huwa unakosea kingine.

Jambo la ajabu ni kwamba trauti walitiwa katika mito ya watu ambao hawakuwa wakila samaki. Wakikuyu wa zamani hawakumhesabu samaki kuwa chakula, na wapo bibi zetu waliokufa bila ya kumwonja. Kwa hiyo mwanzoni wenye mito hawakuwa na haja na samaki wale. Lakini kutokuwa na haja ya kitu ni mbali na kukatazwa, na katazo lilifika. Mito ya trauti iliwekewa kanuni zake: leseni ya kulipiwa, na nzi wa bandia peke yake. Mtoto wa kijijini mwenye mnyoo kwenye ndoana alikuwa mwizi. Mahali pake halali mtoni palikuwa nyuma ya Mzungu, akiwa amebeba kikapu.

Na Mzee alibeba. Alianza akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Kazi yake ilikuwa kupanda miti kunasua nzi walionaswa, kubeba kikapu cha samaki na chupa ya chai, na jioni kuutandaza mshipi juani au karibu na moto, kwani siku hizo mishipi mizuri ilikuwa ya hariri. Hariri ikiachwa na unyevu huoza. Ilibidi ikaushwe, kisha ipakwe mafuta ili kesho ielee. Ni kwa kuupaka mshipi mafuta ndipo alipoujua: alivijua vidole vyake vikipita kutoka kwenye ncha nyembamba hadi tumbo nene la mshipi, akaelewa uzito uko wapi. Miaka sita alimtazama bwana wake akirusha. Hakuruhusiwa kuushika ufito ila kuubeba.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Miezi minane tu kabla ya hapo, tarehe 6 Februari mwaka huo huo, Elizabeth alikuwa kwenye nyumba ya Sagana, kando ya mto wa trauti, alipopewa habari kwamba babake amefariki na kwamba sasa yeye ni malkia. Mwaka ulioanza na wageni wa kifalme kando ya mto uliisha kwa Hali ya Hatari, na baadaye msitu wa Nyandarua ukafungwa kwa Mwafrika yeyote, na aliyeonekana ndani yake akapigwa risasi. Watu wa Kandara, wilaya ya Fort Hall kama ilivyoitwa, walikusanywa katika vijiji vya lazima. Mzee hakuuona mto kwa miaka kadhaa, ingawa usiku aliweza kuusikia. Alituambia kwamba ndipo alipoanza kurusha. Alikata ufito wa mwanzi, akaufunga kamba ya mkonge iliyopakwa nta, akawa anarusha nyuma ya kibanda, juu ya udongo mtupu, pasipo maji wala ndoana, akiiga alichokuwa amekitazama.

Kwa hiyo kiwanja cha Kandara ya Jidda hakikuwa cha kwanza. Alikuwa amekwisha kujifunza mara moja pasipo mto.

Tulipolijua hilo, kicheko kilikwisha. Tukaanza kufika kila usiku wa kuamkia Ijumaa, watano, wakati mwingine wanane. Na kwa kuwa baadhi yetu ni watu wa kusoma, tulitafuta vitabu. Hapo ndipo tulipopata aibu ya aina yake. Vitabu vya Kiingereza hufundisha kwa kufananisha ufito na mshale wa saa: usiuache uende zaidi ya kumi mbele na mbili nyuma. Mwenzetu mmoja wa Unguja akatufasiria kwa uaminifu mkubwa: saa kumi na saa mbili. Nasi tukatii kwa saa zetu za Kiswahili, ambazo saa kumi mshale uko penye nne na saa mbili uko penye nane. Fito zote zikalala chini, mbele na nyuma, mishipi ikafagia vumbi lote la kiwanja. Mzee alicheka hadi akakaa kitako. "Ni saa nne na saa nane, wanangu! Wazungu wanasoma saa kichwa chini!"

Tulijifunza kutoka katika vitabu hivyo kwamba hatukuwa wendawazimu wa kwanza. Uvuvi wa nzi wa bandia ni wa kale sana. Claudius Aelianus, aliyeandika karibu mwaka 200, anaeleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufi nyekundu na manyoya kwenye ndoana kuwadanganya samaki wa mtoni. Sufi nyekundu, kama ile ya fundi wetu Myemeni! Lakini hao ufito wao ulikuwa futi sita na mshipi futi sita, kwa hiyo kurusha kwenyewe hakukuwepo. Walikuwa wakiwekelea tu. Hata Charles Cotton, Mwingereza aliyeandika juu ya uvuvi huu mwaka 1676, mshipi wake ulikuwa wa singa za mkia wa farasi zilizosokotwa na kufungwa kwenye ncha ya ufito. Upepo ndio uliomsaidia. Ni mishipi ya hariri ya karne ya 19, mizito na laini, ndiyo iliyowezesha mtu kuurusha dhidi ya upepo, na tangu hapo kurusha kukawa fani inayojitegemea, yenye makosa yake na walimu wake.

Wamarekani, ambao hawakosi kufanya mashindano kwa kila kitu, wakaitoa fani hiyo mtoni kabisa. Chicago walishindana mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, na mwaka 1938 San Francisco wakajenga katika bustani ya Golden Gate madimbwi ya saruji ya kujifunzia kurusha. Samaki si shabaha pale. Watu wazima husimama jioni baada ya kazi, wanarusha vishada kwenye pete zinazoelea. Katika mashindano ya namna hiyo ndipo alipotokea Joan Wulff, mwanamke aliyewashinda wanaume wote katika shindano moja la kurusha mbali mwaka 1951, na ambaye mwaka 1960 alirusha futi 161, yaani karibu mita 49. Baadaye akawa mwalimu, na alichofundisha ni kile kile cha Mzee: mahali pa kusimama, na muda wa kungoja.

Muda wa kungoja ndio uliotushinda zaidi. Mshipi mfupi hunyooka upesi, mrefu huchelewa, na jicho liko mbele wakati jambo linatendeka nyuma. Mzee hakuwa na saa ya kupimia. Alitufundisha kutaja mito. Mshipi wa hatua chache, ukiufikisha nyuma, sema "Thika", ndipo uende mbele. Ukiongeza, sema "Chania". Ukiongeza tena, "Kimakia". Ilikuwa kichekesho kwa mpita njia, watu wazima wamepangana gizani wananong'ona majina ya mito ya Kenya. Askari wa doria walisimama mara moja, wakatutazama, wakatazama juu kama kuna tunachokivua hewani, wakaondoka.

Mazoezi yenyewe yalikuwa machache na ya kuchosha. Kwanza dakika kumi za kurusha mshipi mfupi tu, mita saba au nane, kwani kosa lililomo katika mshipi mfupi hukua katika mrefu. Mkono wa juu kubana kitu kwapani, kitabu au ndala, kisianguke. Kisha kulenga: alitupangia vifuniko vya ndoo kwa umbali tofauti, na asiyekipata kifuniko mara tano kati ya kumi haongezewi mshipi. Aliangalia kitanzi, yaani ule mkunjo wa mshipi unaosafiri hewani. Kitanzi chembamba ni kwamba ncha ya ufito imekwenda kwa mstari ulionyooka. Kitanzi kipana kama mlango ni kwamba umechora upinde. Kitanzi kinachojikata chenyewe na kufunga fundo ni kwamba umeharakia nguvu. "Mshipi hausemi uongo," alikuwa akituambia. "Ukitaka kujua mkono wako umefanya nini, uulize mshipi."

Aliyetupita sote hakuwahi kufika kiwanjani. Alikuwa dada muuguzi, mke wa mwenzetu, na hali ya miaka ile haikumruhusu dada kusimama uwanjani pamoja na wanaume. Mumewe alimpelekea somo nyumbani, naye alifanya mazoezi uani, nyuma ya ukuta, mahali pembamba ambapo kosa lolote lilinasa kwenye kamba ya nguo. Kijana wa Kibokoni alitumia mwaka mzima kuisahau nguvu yake. Dada hakuwa na cha kusahau. Mzee alipoalikwa chakula siku moja akaombwa autazame mkono wake, alitazama mara nne, akaweka kikombe chini, akasema hana la kumwongezea.

Tena ule ua mwembamba ulimpa dada elimu tuliyoikosa sisi, na kukosa huko kulitugharimu. Mwaka 2006 mmoja wetu alipata likizo, siku 30 baada ya miaka miwili ya kazi. Katika hizo, za ndugu, za mazishi aliyoyakosa na za mahari ya mdogo wake zikaondoka, zikabaki siku mbili za mto. Alikwenda Kimakia. Alikuwa hodari kiwanjani, anarusha mita 20 bila ya fundo. Akafika mtoni akakuta ukingo mrefu nyuma yake, na mianzi, na miti imeinama juu ya maji. Hapakuwa na nafasi ya kurusha nyuma hata hatua mbili. Siku mbili nzima alipanda miti kunasua nzi, kazi ile ile aliyoianza Mzee utotoni. Alirudi Jidda na picha za mto.

Mzee alisikitika, akajilaumu. Alikuwa ametufundisha kurusha kwa bwana wake, aliyekuwa akichagua mahali peupe kwa kuwa alikuwa na watu wa kumfyekea. Waskochi wa mto Spey walilikuta tatizo hili zamani, penye kingo za juu na miti mgongoni, wakaunda namna ya kuurusha mshipi bila ya kuupeleka nyuma: unauburura polepole juu ya maji hadi uning'inie kando ya bega, kisha unausukuma mbele ukajiviringisha kama gurudumu. Lakini namna hiyo hutegemea maji kuushika mshipi, na sisi maji hatukuwa nayo. Suluhisho lilikuwa mtoto wa miaka saba, mzaliwa wa Jidda, ambaye hajawahi kuona mto. Kazi yake ilikuwa kuikanyaga ncha ya mshipi kwa kiatu na kuiachia pale mshipi unapoanza kujiviringisha. "Mimi ndiye maji," alikuwa akiwaambia wenzake kwa fahari kubwa. Tukahamia kando ya ukuta, tukafunga kamba za nguo nyuma yetu, tukaanza upya.

Wenzetu wa Riyadh walitupita kwa jambo moja. Huko lipo bonde la Hanifa, ambalo katika miaka ya 2000 lilisafishwa na kupandwa miti, na maji ya jiji yaliyosafishwa hutiririka humo. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2010. Wawili waliohamia huko kikazi walitupigia simu kutuambia kwamba wameuona mshipi ukichukuliwa na mkondo. Kijana wa Kibokoni hakulala kwa wivu.

Lipo jambo jingine tuseme hapa kabla hatujasahau. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa miongoni mwa nchi zinazowafunga nzi wa bandia kwa ajili ya maduka ya Ulaya na Marekani. Ni kazi ya vidole, na wengi wanaoifanya ni wanawake: unyoya, uzi, fundo, mmoja baada ya mwingine, siku nzima. Dada mmoja wa kwetu aliyefanya kazi za nyumbani Jidda alikuwa ameifanya huko Nairobi. Tulipomwonyesha nzi tuliyemnunua kwa bei ya chakula cha siku mbili, alimgeuza mara moja, akatuambia fundo lilipoishia na kwamba aliyemfunga alikuwa na haraka. Alikuwa amefunga maelfu. Hakuwa amemwona hata mmoja majini. Alituuliza kama kweli samaki hudanganyika.

Mzee aliondoka kwa moja kwa moja mwaka 2011. Tulimsindikiza uwanjani na mizigo yake, naye ufito aliubeba mkononi akikataa usichanganywe na mablanketi. Mwaka uliofuata wawili kati yetu tulipopata likizo tulikwenda kwake, Kandara. Alitupeleka juu, mwendo wa gari na kisha wa miguu, kutafuta mahali alipokuwa akibeba kikapu kwenye mto Thika. Sehemu kubwa ya mto aliokuwa akiukumbuka haikuwepo. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 akiwa ughaibuni, limelikalia bonde, na maji yake sasa hunywewa Nairobi. Alisimama juu ya tuta akayatazama maji mapana kwa muda, akionyesha kwa kidole: hapo palikuwa na mti, hapo bwana alikuwa akila, hapo niliteleza. Sisi hatukuona ila maji.

Tukapanda zaidi, hadi penye mto mwembamba, mawe meusi, baridi ya kuuma vidole. Alikuwa na umri wa miaka 75 hivi. Hakuunga ufito kwanza. Alitia mkono katika mfuko wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, akaikunjua, akatuonyesha bila ya kusema neno. Ilikuwa leseni ya kuvua trauti, ina jina lake lote, matatu, na muhuri. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hapakuwa na askari wa mto, hapakuwa na mtu yeyote ila sisi na mwanamke mmoja ng'ambo aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe.

Akaikunja tena, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo. Ndipo akaunga ufito. Nyuma yake kulikuwa na mianzi, akaburura mshipi polepole hadi ukaning'inia kando ya bega lake. Tukamsikia akitaja mto.